Pandikizi la mtu natafuta gari la spoti la kujiundia: lipi nitaingia bila kupakwa grisi?

PandikiziLaMtu

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya wa jukwaa hili kwa muda mrefu, leo imebidi nifungue mdomo.

Urefu wangu ni sentimita 193, uzito kilo 128, kiatu namba 47. Nisiwadanganye kwamba yote hayo ni misuli. Kitambi kipo na kina historia yake. Kwa miaka mingi nimeota kujiundia gari la spoti: unaletewa chesisi, bodi na masanduku ya vipande, unachinja gari moja kuukuu upate injini, giaboksi na ekseli, kisha unajifungia karakana mpaka kieleweke. Sasa watoto wamekua, karakana ipo, spana zipo. Kilichobaki ni gari lenyewe, na hapo ndipo penye mkasa.

Juzi nilikwenda kwa jamaa mwenye gari la aina ya Seven, lile la pua ndefu na matairi ya mbele yaliyo nje. Nikaingiza mguu wa kwanza, nikaingiza wa pili, nikajishusha taratibu. Makalio yakakwama kabla hayajagusa kiti. Nikabaki nimening'inia kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Kutoka ilibidi mwenyeji anishike kwapani na mwanawe anivute mkono. Tulicheka sana, lakini nilirudi nyumbani mnyonge.

Ninachouliza: kuna gari la kujiundia ambalo mtu wa mwili wangu atakaa, atakanyaga pedeli moja kwa wakati mmoja, na atazunguka nalo kutwa bila kuteguka nyonga? Sitaki kuambiwa nipungue kwanza. Daktari ameshasema, mke wangu ameshasema, na mizani inasema kila asubuhi.

Nawasilisha.

Kijiti

Mkuu nunua mawili uyachomelee ubavu kwa ubavu 😂😂

SpanaKumi

Kijiti kaa pembeni, wakubwa tunaongea.

Mkuu Pandikizi, kosa la kwanza umeshalifanya hapohapo kwenye maelezo yako. Umetupa urefu na uzito. Hizo namba mbili hazisaidii chochote. Nimeunda magari manne na nimewakalisha watu wa kila aina, na nimeshaona mtu wa sentimita 198 akiingia kwenye gari ambalo wa 178 ameshindwa. Urefu unaweza kukaa kwenye miguu au kwenye kiwiliwili, na gari linajali sana umekaa wapi.

Chukua futi ya fundi cherehani. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo umeegemea ukuta, kisha mtu akupime wewe, usijipime mwenyewe. Tunataka kutoka kitini hadi utosini. Tunataka upana wa nyonga UKIWA UMEKAA, kwa sababu nyama inatanuka ukikaa, na ile namba ya suruali ni uongo mtupu. Upana wa mabega kutoka nje hadi nje. Kutoka ukutani hadi ncha ya goti. Kutoka goti hadi kisigino. Halafu upana wa kiatu, si urefu wake tu. Kiatu ndicho kinachowaangusha wengi. Nyonga unaweza kuibana, goti unaweza kulikunja, lakini kiatu kinachokanyaga breki na eksileta kwa pamoja hakina maelewano.

Ukishapata hizo, turudi tuongee magari.

Namba7

Niitetee Seven kidogo kabla haijazikwa. Pandikizi, naomba uulize ile uliyojaribu ilikuwa chesisi ipi. Watu wanasema "Seven" kana kwamba ni gari moja. Kampuni ya Kiingereza ya Lotus waliitoa mwaka 1957, kampuni nyingine, Caterham, wakachukua haki za kuiunda mwaka 1973, na chesisi ile nyembamba ya asili, Series 3, mpaka leo inatengenezwa. Ila tangu mwaka 2000 kuna chesisi ya pili, SV, ambayo ni pana kwa milimita 110 na ndefu zaidi pia. Milimita 110 kwenye karatasi hazitishi. Ukizigawa kwa watu wawili, kila mmoja anapata sentimita tano na ushee, na hizo ndizo sentimita kati ya kizibo na kiti.

Halafu kuna ile ndogo kabisa, 170, yenye injini ya Suzuki ya cc 660. Upana wake wote ni milimita 1470. Hiyo mkuu usiisogelee hata kwa kupiga picha.

Westfield, watengenezaji wengine wa magari ya aina hii, nao walikuwa na bodi pana ya mtindo huohuo. Ukiona ya mtumba, uliza kama ni ile pana.

PandikiziLaMtu

Nimempigia mwenye gari. Ni Series 3. Ana kilo 68 na hakuwahi kujua kuna nyingine.

Vipimo nimepimwa na binti yangu, na amecheka mpaka futi ikamponyoka: kiti hadi utosi sentimita 99, nyonga nikiwa nimekaa 47, mabega 56, ukuta hadi goti 66, goti hadi kisigino 59. Kiatu kina upana wa 11.5 kwenye kifundo cha vidole.

SpanaKumi

Mabega 56. Sasa tunaelewana. Mgongo wako ni mrefu wa kawaida kwa kimo chako, miguu vilevile. Tatizo lako ni upana, na upana uko sehemu tatu: nyonga, mabega, nyayo. Hiyo ni habari nzuri na mbaya. Nzuri kwa sababu gari la wazi halina paa la kugonga kichwa. Mbaya kwa sababu magari haya yote yana lile tuta la katikati linalofunika giaboksi na propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, na tuta halisogei kwa maombi.

MzeeKarakana

Vijana, hamjambo. Mnamzungusha mwenzenu kwenye visanduku vya viberiti. Kwa mwili huo aunde Cobra. Ni gari la wanaume wenye mabega: injini ya V8, yaani silinda nane, mbele, boneti ndefu, mlango unaofunguka badala ya kuruka ukuta. Wamarekani wanazitengeneza kwa wingi, kampuni ya Factory Five wako kwenye kazi hii tangu 1995, na spea kibao zinatoka kwenye Ford Mustang. Mimi yangu nimeiunda kwa miaka mitatu, na nina kilo 104.

PandikiziLaMtu

Shikamoo mzee wangu. Kwa kweli Cobra ndiyo iliyonitia ugonjwa huu tangu nikiwa mtoto. Swali langu moja: una kiatu namba ngapi?

MzeeKarakana

Marahaba. Namba 42.

SpanaKumi

😁 Hapo ndipo penyewe.

Mzee nakuheshimu, ila Cobra ina siri ambayo wauzaji hawaisemi. Ukiitazama kwa nje ni gari pana, lina mabega, lina makalio. Sasa piga magoti uchungulie pale pedeli zilipo. Injini ya V8 ni pana na eksozi zinatoka pembeni, kwa hiyo kisanduku cha miguu kinabanwa kati ya injini na ukuta wa bodi. Mahali pa nyonga unapata nafasi nzuri kuliko Seven nyembamba, halafu kadiri unavyoshuka kuelekea miguuni gari linakuwa faneli. Mtu wa kiatu 42 halioni. Mtu wa 47 mwenye unyayo wa sentimita 11.5 anaendesha kwa ncha ya vidole siku nzima.

Na jambo jingine: zile eksozi za pembeni. Wenye Cobra wana jina la lile kovu la kwenye shavu la mguu, wanaliita kung'atwa na nyoka. Mtu mwepesi anaruka nje. Mtu wa kilo 128 anatoka kwa awamu, na katika awamu ya pili mguu unakuwa juu ya bomba lenye moto. Mzee, kweli si kweli?

MzeeKarakana

Kweli. Kovu ninalo, na mke wangu analo la kwake. Lakini kisanduku cha miguu kinapanuka ukitaka, ni bati tu. Wengine wanashusha sakafu chini ya kiti pia. Pedeli unaweza kuweka za kununua kando, zile zinazorekebishika, ukazisogeza mbele na kupanua nafasi baina yake. Hayo ndiyo raha ya gari la kujiundia, hukupewa na kiwanda likiwa limekamilika.

ChiniKwaChini

Je, nakala za GT40, lile gari la mbio la Ford? Nimeona watu wanaziunda. Ile ni pana kweli.

SpanaKumi

Pana na fupi kwenda juu. Hiyo 40 ya kwenye jina ni kimo chake, inchi 40 hivi, yaani kama mita moja na kitu kidogo. Pandikizi akikaa tu, kiti hadi utosi ni sentimita 99. Ataendesha akiwa amelala kama mgonjwa. Dan Gurney alikuwa dereva mrefu, na kwenye toleo la Mk IV walimfanyia uvimbe kwenye paa ili kofia ipate mahali. Na gari hilo hilo lenye nundu ndilo yeye na A.J. Foyt walishindia mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1967. Uvimbe huo mpaka leo una jina lake, na baadhi ya wanaounda nakala wanauweka.

Kwenye magari ya injini ya katikati tatizo la miguu ni lilelile, ila linatokea upande mwingine. Dereva amesukumwa mbele, kwa hiyo tao la tairi la mbele linaingia kwenye nafasi ya miguu, na pedeli zinahamishwa kuelekea katikati ya gari. Unakaa umetazama mbele, miguu imetazama kwa abiria. Nakala za Lancia Stratos ndizo mabingwa wa hilo, kwa sababu gari lenyewe ni fupi mno. Nusu saa unavumilia, baada ya hapo kiuno kinaanza kudai haki zake.

Namba7

Turudi kwenye SV. Caterham wanayo pia sakafu iliyoshushwa chini ya kiti, inampa mtu mrefu nafasi ya kichwa na ya mapaja chini ya usukani. SV pamoja na sakafu iliyoshushwa, mambo yameisha.

SpanaKumi

Hayajaisha. Pandikizi hana shida ya kwenda juu, ana shida ya kwenda pembeni. Na sakafu ikishuka, kitu cha kwanza kukutana na tuta la barabarani ni kiti chako mwenyewe.

Tuweke hesabu mezani. Gari la kilo 550 limepangwa kwa dereva wa kilo 75. Pandikizi anaongeza kilo 53, ambazo ni newtoni 520 hivi. Kwenye Seven dereva anakaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito huo inakwenda nyuma, tena upande wake. Tuseme newtoni 240 zinaangukia kona moja. Kama springi pale tairini ina ugumu wa newtoni 20 kwa milimita, kona hiyo inashuka milimita 12 kabla hujawasha gari. Sasa toa hizo 12 kwenye nafasi ndogo iliyopo chini ya gari, halafu toa na sakafu uliyoishusha.

PandikiziLaMtu

Kwa hiyo mwili wangu unaharibu na mwendo pia, si kukaa tu?

SpanaKumi

Hauharibu, unataka kupangiwa. Gari la kilo 550 na dereva wa 75 ni 625. Nawe ni 678. Umeongeza asilimia 8 na nusu, na utaihisi kwenye kuchomoka na kwenye breki. Kwenye Cobra ya kilo 1100 kilo hizohizo 53 ni asilimia 4 na nusu tu. Kwa hiyo kadiri gari lilivyo jepesi ndivyo unavyolisumbua zaidi, hapo Mzee Karakana ana pointi yake.

Dawa ni kuagiza springi kwa uzito wako, wala usichukue zile zinazokuja kwenye sanduku. Na gari likikamilika, lipime kwenye mizani minne, kila tairi na yake, wewe ukiwa umeketi ndani na tangi likiwa na mafuta ya nusu. Shokapu zenye nyuzi za kurekebisha kimo zipo kwa kazi hiyo. Nimeona watu wanapima gari tupu halafu wanashangaa kwa nini linakata kona ya kushoto vizuri na ya kulia kwa manung'uniko.

Pembeni

Naomba niingie. Mimi hukagua magari kabla hayajaingia uwanjani siku za mazoezi. Naona mmeongea nyonga, nyayo na springi, hakuna aliyetaja roli baa, lile bomba la nyuma ya kichwa la kukulinda gari likibiringika. Kwa mtu mkubwa hilo ndilo la kwanza.

Kipimo chake ni cha kijinga lakini hakidanganyi. Dereva anakaa kitini, amefunga mkanda, amevaa helmeti. Tunachukua fimbo ya ufagio, tunaiegemeza juu ya lile bomba la nyuma na kwenye sehemu imara ya mbele. Helmeti ikigusa fimbo, huendi popote. Wakaguzi wengi tunataka ibaki nafasi ya sentimita 5 hivi. Nimewarudisha watu warefu waliokuja na magari mazuri mno, kichwa kimepita bomba kama kuku anayechungulia tenga. Gari hilo likigeuka, kinachobeba uzito ni shingo.

Pili ni mikanda ya mabega. Imetengenezwa itoke mabegani kwenda nyuma, ikishuka kidogo tu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka isizidi digrii 45 kutoka usawa, na inapendekezwa isipite 10. Mtu mwenye kiwiliwili kirefu kwenye gari lililoundwa kwa mtu mfupi, mabega yake yako juu sana ya ile baa ya kufungia mikanda. Mikanda inashuka kwa kasi kutoka begani, na gari likigonga inamvuta dereva kuelekea CHINI. Uti wa mgongo unabanwa kama springi. Kwa hiyo Pandikizi, popote utakaponunua, uliza baa ya mikanda iko kimo gani kutoka sakafuni, na uliza kama wanaweza kukuchomelea roli baa ndefu zaidi. Ikiwa muuzaji anasema "ah, wote wanakaa sawa tu", aga uende zako.

PandikiziLaMtu

Mkuu Pembeni hapo umenitoa usingizini. Nilikuwa nafikiria starehe tu.

Kijiti

Sasa niseme la maana. Kuna Exocet. Unachinja Mazda MX-5, unatoa bodi yote, unabaki na injini, giaboksi, diferensho na mfumo wa matairi, unavifunga kwenye fremu ya mabomba. Haina milango wala kuta za kubana viwiko. Mabega 56 yatapata hewa.

SpanaKumi

Leo umeamka vizuri. Ni wazo zuri kweli, na gari la kuchinja linapatikana. Mabega yatakuwa huru. Ila pembeni pana mabomba, na kiti lazima kikae kati ya bomba na tuta, kwa hiyo kile kipimo cha nyonga 47 hakijapona. Akajaribu kukaa, lakini kwa kiti chembamba cha fiba. Kiti chenyewe kinakula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Wenye MX-5 za zamani waliobanwa kichwa walikuwa wanakata sponji ya kiti kwa kisu cha mkate wakapata sentimita kadhaa. Kwa gari la kujiundia unaenda mbele zaidi: unaacha kiti kabisa, unamwagiwa povu.

PandikiziLaMtu

Namwagiwa nini?

SpanaKumi

Povu la kemikali mbili. Unatandika mfuko mzito wa plastiki mahali pa kiti, unakaa juu yake kwa mkao wako wa kuendeshea, msaidizi anachanganya na kumimina ndani ya mfuko. Linafura, linajaza kila pengo kati yako na bati, linaganda. Ukitoka umeacha chapa ya makalio yako kama nyayo kwenye saruji. Hakuna mfupa wa kiti, hakuna sponji, kila milimita ni yako. Mambo ya kuzingatia: fungua madirisha kwa sababu ya moshi, mimina kidogokidogo kwa awamu kwa sababu linatoa joto kali, usivae nguo unayoipenda, na ukimaliza lifunike kwa kitambaa kisichoshika moto. Na usitoke kitini mpaka ligande, hata simu ikiita. Jamaa yangu alitoka mapema, kiti chake mpaka leo kina mtazamo wa kushoto.

DadaTochi

Nimesoma uzi wote kuanzia juu, na nashangaa mnamtafutia kaka yetu gari la kununua wakati amesema ana karakana na vifaa. Kaka Pandikizi, unajua kuchomelea?

PandikiziLaMtu

Dada, najua. Mageti, mabenchi, tela moja. Mshono wangu si wa maonyesho lakini haujawahi kuachia.

DadaTochi

Basi unda na chesisi yenyewe. Locost ni Seven ya mtu wa mabomba ya mraba: inchi moja kwa inchi moja, ukuta wa milimita 1.6, ramani zinapatikana. Ramani ya asili ni nyembamba, hiyo utakwama vilevile. Lakini watu wakubwa walishalia kabla yako, na ikatokea ramani inayoitwa 442: inchi 4 zaidi kwa upana, 4 kwa urefu, 2 kwenda juu. Mimi nimeunda hiyo kwa ajili ya mume wangu, naye si mtu wa kupuliziwa na upepo.

Raha yake si hizo inchi tu. Ni kwamba tuta la katikati unalipanga mwenyewe. Watu wanajenga tuta lote kwa upana wa giaboksi, kutoka mbele hadi nyuma, kwa uvivu. Giaboksi ni pana miguuni, lakini ikifika usawa wa nyonga kilichobaki mle ndani ni propela shafti peke yake, na hiyo inahitaji nafasi ya kuzunguka na kucheza kidogo, basi. Kwa hiyo tuta linaweza kukonda kadiri linavyorudi nyuma. Breki ya mkono nayo iondoe pale, ipeleke chini ya dashibodi. Mimi nilipata karibu sentimita 4 upande wa dereva kwa mambo hayo mawili.

Na ukitumia injini ya pikipiki, giaboksi iko ndani ya injini yenyewe, kwa hiyo hata miguuni panafunguka. Ila kwa kilo zako sikushauri. Injini zile zinataka kuzungushwa sana na klachi zake ziliwekwa kwa chombo chepesi.

Lakini usinunue hata bomba moja kwanza. Chukua mbao na vipande vya plaiwudi, ujenge sehemu ya kukaa kwa ukubwa wake halisi: sakafu, kuta mbili, tuta, ukuta wa mbele wa pedeli. Pedeli ziwe vipande vya mbao kwenye bawaba. Usukani uwe sahani ya kipenyo hichohicho. Kaa humo saa nzima ukisikiliza redio, si dakika tano. Mwili unadanganya kwa dakika kumi za kwanza.

Namba7

Lakini dada, chesisi ya kuchomelea nyumbani na ukaguzi wake? SV inakuja imeshapimwa kila kitu.

DadaTochi

Ni kweli, na mtu asiyejua mshono wake asithubutu. Kila mahali kuna utaratibu wake wa kusajili gari la kujiundia, ausome kabla ya kukata bomba la kwanza, maana wengine wana masharti hata ya ncha kali za dashibodi. Simwambii ni rahisi. Namwambia ni gari pekee ambalo litapimwa kwake kama suti.

Pembeni

Naongeza: ukiunda mwenyewe, roli baa iwe ya MWISHO kukatwa kimo. Kaa kwanza, na helmeti, halafu ndipo pinda bomba. Na baa ya mikanda ifuate bega lako, si ramani.

MzeeKarakana

Na usukani wa kuchomoa usisahau. Kwa tumbo letu hili ndiyo mlango halisi wa gari.

SpanaKumi

Sawa mzee, ila ile kufuli ya kuchomolea nayo ina unene. Inausogeza usukani sentimita kadhaa kuelekea tumboni. Kwa hiyo shafti ya usukani ifupishwe sawasawa, la sivyo unatatua kuingia unaharibu kukaa. Chukua usukani mdogo, uliokatwa chini, usio na kina kuelekea kwako.

PandikiziLaMtu

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya wa wiki tatu, nilikuwa nafanya kazi mliyonituma.

Kwanza SV. Nimekaa. Makalio yamegusa kiti, nilitaka kulia. Mabega yanagusana na ya abiria lakini ni jambo la kuzoeleka. Kilichonitisha ni miguu: kwa viatu vyangu vya kawaida nilikanyaga pedeli mbili mara tatu kati ya kumi. Kwa vile viatu vyembamba vya gokati, mara moja. Na macho yangu yako sawasawa na ukingo wa juu wa kioo cha mbele, kwa hiyo nusu ya dunia naiona kupitia kioo na nusu kupitia upepo. Namba7 naomba unisamehe, ni gari tamu.

Pili Cobra, ya mtu mwingine si ya mzee. Mlango, raha. Kiti, raha. Miguu, faneli kama alivyosema SpanaKumi. Nilitoka kwa awamu nne na sikung'atwa, lakini injini ilikuwa baridi.

Exocet sijapata ya kukalia.

Tatu, sanduku la plaiwudi la Dada Tochi. Nimelijenga kwa vipimo vya 442, tuta nimelikondesha nyuma. Usukani ni sufuria ndogo. Nimekaa saa moja na nusu, jana na leo. Nyonga zimepita zikabaki vidole viwili kila upande. Pedeli nimezipanga kwa kufuata viatu vyangu vya kazini, na mguu wa kushoto una mahali pa kupumzika. Baada ya dakika arobaini goti la kulia lilianza kuuma, nikagundua nilikuwa naliegemeza kwenye kona ya tuta. Nimekata plaiwudi pale mshazari, leo halikuuma. Nimeweka na mto wa sentimita mbili badala ya kiti, nimevaa helmeti, binti yangu amepima: kutoka sakafuni hadi juu ya helmeti sentimita 104. Roli baa nitaianzia hapo kwenda juu.

Mabomba nimeagiza leo asubuhi.

Swali moja limebaki. Mke wangu alikuja karakana akakaa upande wa abiria ndani ya lile sanduku. Kimya kidogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza mkoba wake utakaa wapi. Dada Tochi, nyuma ya viti kwenye 442 kuna nafasi?

DadaTochi

Nyuma ya viti ni tangi la mafuta, kaka. Ataupakata.